Hodi za michango feki na simu za "ile hela tuma huku": tumechoka kufanywa shamba la bibi

Wakuu, naenda moja kwa moja.

Jumamosi saa nne asubuhi. Baba yuko gereji, mama sokoni, nyumbani kabaki dada wa kazi na bibi. Hiyo ndiyo saa ya hodi ya michango, na wala haiji kwa bahati mbaya. Wanakuja wawili: shati jeupe limechomekewa, kitambulisho cha shingoni kimegeukia nyuma, bahasha ya kaki kwapani. Mmoja anaongea, mwenzake macho yako ndani ya geti.

Anzeni na daftari. Kaunta buku lina safu tatu: jina, kiasi, sahihi. Kabla hujasikiliza habari ya yatima, soma mistari kumi ya kwanza. Mama nani 20,000. Mzee nani 50,000. Daktari nani 100,000. Kalamu moja, mwandiko mmoja, sahihi zote zimelalia upande mmoja kama zimepigwa na upepo. Hakuna aliyetoa jero, hakuna aliyetoa buku. Huo ni mtaa gani? Daftari la kweli lina elfu mbili mbili, lina "ameahidi", lina jina lililoandikwa likakatwa. Hilo lao limejazwa gesti, na kazi yake ni moja tu: ukiona jirani katoa ishirini, wewe uone haya kutoa mbili.

Halafu barua. Ikianza na "KWA YEYOTE ANAYEHUSIKA", rudisha. Barua ya kuruhusu mchango mtaani inataja mtaa WENU, ina kumbukumbu namba, tarehe, kazi ya fedha na mwisho wa ruhusa. Wengi wanatembea na barua ya halmashauri nyingine kabisa, ya miaka miwili nyuma, imelaminetiwa. Kwa nini ilaminetiwe? Kwa sababu ukiishika karatasi tupu utaigeuza, na ukiigeuza utapapasa nyuma ya sahihi. Kalamu ya mkono inakandamiza, kidole kinasikia mstari. Nakala ya rangi ni laini pande zote. Usibishane nao, mpigie mjumbe au mtendaji wa mtaa wako kwa namba uliyonayo WEWE, siyo iliyoandikwa chini ya barua. Hiyo ya chini ataipokea mwenzao aliyekaa kijiweni.

Kituo cha watoto nacho hakianzishwi kwa huruma peke yake. Sheria ya Mtoto ya 2009 inataka makao ya watoto yawe na leseni, na Afisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri anapaswa kuyajua. Kwa hiyo maswali ni matatu: kituo kinaitwaje, kiko kata gani, afisa ustawi wenu nani. Ukimaliza sema hivi: "Sawa, Jumapili naleta mwenyewe mchele kilo tano na sabuni." Mwenye kituo atafurahi na kukuelekeza hadi kona ya mwisho. Tapeli ataanza: njia mbovu, watoto wamehamishwa, kuna mmoja yuko ICU, bora keshi. Hapo umeshapata jibu, funga geti.

Akikupa namba ya kulipia, weka kiasi na usikimbilie kuweka namba ya siri. Jina linatokea kwanza. Kituo kinaitwa hivi, jina linakuja la mtu binafsi? Futa muamala. Na anayesema anakusanya kwa niaba ya serikali, mwombe kontroo namba: tarakimu 12, inaanza na 99. Hana? Basi serikali hiyo ni ya kwake.

Najua wapo wachangishaji wa kweli, na hawa matapeli ndio wanaowaharibia. Mtu akishalizwa mara mbili, hata anayeomba kihalali anafungiwa mlango.

Sasa simu. Mchezo ni uleule, hodi tu imehama. "Ile hela tuma kwenye namba hii, ile nyingine ina deni." Mnajua kwa nini inafanya kazi? Haimlengi mtu mmoja. Inatupwa kwa maelfu, na katika maelfu lazima yupo ambaye dakika hiyo kweli anataka kumtumia mtu hela: kodi, ada, fundi. Ndiyo maana "mimi mwenye nyumba wako" zinazidi mwisho wa mwezi. Na ile ya "mwanao kaanguka shuleni tupo hospitali" inapigwa saa za masomo, ukiwa huwezi kumwona mtoto. Dawa ni kukata na kumpigia mwalimu kwa namba uliyoihifadhi. Usimuulize mpigaji maswali. Kila swali unalouliza linampa jibu la kutumia: ukisema "Neema?" tayari amejua mtoto anaitwa Neema.

Kinachoniudhi zaidi: laini zote zimesajiliwa kwa alama za vidole, na zisizosajiliwa zilianza kuzimwa Januari 20, 2020. Hawa wanapata wapi laini? Kwenye vidole vyetu. Unakaa chini ya mwavuli, kijana anakwambia "kidole hakijasoma, rudia". Unarudia. "Kina jasho, futa, weka tena." Mara ya kwanza ilisajili laini yako. Ya pili na ya tatu zimesajili laini nyingine kwa jina lako, na jioni zinauzwa. Polisi wakifuatilia wanakuja kwako! Kwa hiyo kila anaposema rudia, geuza skrini ya kifaa chake uangalie kimeandika nini. Ukitoka hapo piga *106#, tafuta kipengele cha namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, weka namba ya NIDA, tarakimu zote 20. Ukiona namba usiyoijua, nenda na kitambulisho kwenye duka la mtandao wenyewe waiondoe, usirudi mwavulini.

Ujumbe wa kitapeli usiufute kwa hasira. Upeleke kama ulivyo kwenda 15040, utajibiwa uweke namba iliyoutuma, weka. Wengi wanaishia hatua ya kwanza halafu wanalalamika namba haifungwi. Haina namba, wafunge nini?

Jibu #2

Mleta uzi umemaliza, naongeza mawili. Huduma kwa wateja wanakupigia kwa namba 100, basi. Mwingine yeyote anayesema "laini yako inafungwa leo" kwa namba ya kawaida ni mwizi. Akikwambia ubonyeze *21* ikifuatiwa na namba na alama ya reli, ujue anahamisha simu zako ziende kwake, ili watu wakikupigia, hata wa benki, apokee yeye. Kama umeshabonyeza, piga ##002# inafuta uhamishaji wote, kisha *#21# uhakikishe.

La pili, "nimekutumia hela kimakosa, nirudishie". Usisome ujumbe, soma salio. Ujumbe wa kweli unaingia kwenye mfululizo uleule wa miamala yako ya zamani. Wa uongo unatoka kwenye namba ya mtu, na mara nyingi nafasi kati ya maneno imekosewa. Hata kama hela imeingia kweli, usitume kwa mkono wako. Mwambie apige 100 waurudishe muamala wao.

Jibu #3

Mmesahau wa mikopo ya mtandaoni, hawa ndio wanaopiga hadi usiku. "Unamfahamu fulani? Anadaiwa, wewe ndiye mdhamini." Mkuu, kama hukusaini, wewe si mdhamini. Namba yako ilichotwa fulani alipoiruhusu programu isome majina yote kwenye simu yake. Novemba 2024 Benki Kuu ilitaja programu 69 zinazokopesha bila leseni, kwa hiyo kwanza uliza jina la programu, uangalie kama imo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inafanya kazi tangu Mei 1, 2023, na Tume yake inapokea malalamiko. Piga picha orodha ya simu zao ikionyesha tarehe na saa, hifadhi jumbe, usitukane. Ukitukana, hiyo picha ya tusi lako ndiyo watakayoitangulizia. Na huyo mkopaji mwambieni aingie Mipangilio, Programu, Ruhusa, azime majina ya simu, ingawa yaliyochotwa yameshaondoka.

Jibu #4 (mleta uzi)

Asanteni wakuu. Nimeulizwa dada wa kazi afanyeje. Mpeni sentensi moja asiyohitaji kuifikiria: "Hapa michango inapitia kwa mjumbe, acheni namba." Asiseme "wenyewe hawapo". Wakiomba maji ya kunywa, na wataomba, awapitishie kikombe juu ya geti.