Wauza SSD wa Mwanza mnatuumiza: mnatuuzia NVMe ndani ya kasha la SATA, halafu mnasingizia mazabodi (bodi kuu ya kompyuta) imekufa!

Wakuu, salamu kwenu wote. Nina hasira na sitaificha. SATA na NVMe ni aina mbili za SSD zisizosikilizana, nitaeleza huko chini. Wenzangu wa mjini, Igoma, Buzuruga, Nyegezi, Kirumba, na ndugu zetu wa Sengerema na Ukerewe mnaovuka ziwa kuja kununua vifaa huku, someni huu uzi kabla hamjatoa hela yenu.

Mimi nina stesheneri Igoma. Nachapa, natoa fotokopi, najaza maombi ya ajira, na dirisha la mkopo wa wanafunzi wa HESLB likifunguliwa foleni inafika barabarani. Laptopu ninayoitegemea ni Dell Latitude E6430, toleo la 2012, Intel ya kizazi cha tatu. Mashine imara, kibodi nzuri, ila hadi diski (hard disk) yake ni ile ya kuzunguka. Ukifungua faili mbili na kivinjari, inakoroma huku mteja amekukodolea macho. Dawa yake inajulikana: unatoa hadi diski, unaweka SSD, diski ya chipu isiyozunguka.

Nikaenda duka moja katikati ya mji, silitaji jina. Nikamwambia muuzaji: naomba SSD ya SATA, inchi mbili na nusu, kuanzia GB 480, ya kuweka kwenye Latitude E6430. Nilikuwa nimeandika yote hayo kwenye karatasi nikampa. Akajibu, "Dada usiwe na wasiwasi, hii inaingia laptopu zote." Akanipa kitu cha umbo lile lile la inchi mbili na nusu, kasha la bati, konekta ya SATA kwa nje. Nikalipa laki na kitu, nikadai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, akaitoa kwa kusitasita.

Nyumbani nikalegeza skrubu mbili za chini, nikavuta hadi diski kwa ubavuni, nikahamishia fremu kwenye mpya, nikachomeka. Flashi ya kusakinisha Windows ikawaka vizuri mpaka kwenye ukurasa wa kuchagua diski. Orodha tupu. Nikaingia kwenye BIOS, programu ya ndani inayowasha kompyuta: AHCI, mpangilio wa kusomea diski za SATA, ipo kama inavyotakiwa, lakini mahali pa jina la diski hapana kitu. Nikarudisha hadi diski ya zamani kwenye konekta ile ile, Windows ikafunguka kama siku zote.

Shikeni hapo, kwa sababu niliporudi dukani niliambiwa mazabodi imekufa.

Kijana wa pale hakuijaribu SSD kwenye mashine nyingine. Hakufungua chochote. Aliigeuza laptopu mkononi, akasema sehemu ya SATA imeungua, niache mashine pamoja na elfu themanini ya matengenezo. Nikamuuliza, kama imeungua, hadi diski ya zamani inasomwaje hapo hapo? Akasema SSD inatumia umeme wa aina nyingine. Huo ni uongo mtupu! Hadi diski ya laptopu na SSD ya inchi mbili na nusu zinakaa kwenye konekta moja na zinakula volti 5 zile zile. Nikaomba hela yangu. Akaninyooshea kidole kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani: bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Akaongeza kwamba wanawake hatujui vifaa, nimlete kaka yangu waongee. Hilo la mwisho limeniuma kuliko hela.

Nikaenda kwa fundi Buzuruga, mtu mtaratibu asiye na duka la vioo. Alishika lile kasha, akafungua skrubu zake mbele yangu. Ndani hapakuwa na SSD ya inchi mbili na nusu. Palikuwa na kibao cha adapta, na juu yake kadi ndogo ya M.2. Lebo ya kadi inasomeka NVMe. Alichomeka SSD yake ya majaribio ya SATA kwenye Dell yangu, BIOS ikaitambua papo hapo. Kisha akaiweka ile kadi kwenye laptopu mpya yenye sloti ya NVMe, akafungua programu ya CrystalDiskInfo inayoonyesha hali ya diski. Kadi niliyouziwa kama mpya ilikuwa imeshawaka zaidi ya saa elfu saba. Imechomolewa kwenye laptopu ya mtu huko ilikotoka, ikavalishwa kasha, ikatiwa kwenye boksi.

Sasa nielezee tatizo lilipo, maana ndipo wengi wanapopigwa. M.2 ni umbo tu. Kadi yenye umbo hilo inaweza kuwa SATA, inaweza kuwa NVMe, na hivyo ni vitu viwili visivyosikilizana. SATA ni njia ya zamani ya diski. NVMe inapita kwenye PCIe, njia wanayopita hata kadi za michoro. Zile adapta za kugeuza M.2 kuwa inchi mbili na nusu hazina chipu ya kutafsiri. Zinaunganisha waya za SATA tu. Ukiweka M.2 ya SATA, inafanya kazi. Ukiweka NVMe, umeme unafika lakini mazabodi haioni kitu, hata ungekesha nayo.

Tena usidanganyike kwamba ingekuwa haifai isingeingia. Tazama mapengo kwenye ukingo wa pini za dhahabu. Kadi yenye pengo moja tu, linaloitwa M, karibu mara zote ni NVMe, na adapta nyingi za SATA zitaikataa kwa umbo. Lakini zipo kadi zenye mapengo mawili, B na M pamoja. Nyingi kati ya hizo ni SATA, ila zipo pia NVMe za njia mbili za PCIe zilizokatwa hivyo hivyo. Hiyo inaingia kwenye adapta ya SATA bila kusukuma, inakaa vizuri, skrubu inafunga. Muuzaji mjinga anaridhika, muuzaji mwizi anachekelea. Kwa hiyo mapengo peke yake hayatoshi, soma lebo. Ikisema SATA au 6Gb/s, hiyo ndiyo. Ikisema PCIe au NVMe, mrudishie hapo hapo kabla hajakuandikia risiti.

Na hata kama wangenipa adapta sahihi ya PCIe, laptopu ya 2012 haina sloti ya M.2 ya diski, na BIOS za wakati ule hazijui kuwasha kompyuta kutoka kwenye NVMe. Laptopu nyingi za kabla ya 2014 ziko hivyo. Wanakupigia debe la kasi ya MB 3,500 kwa sekunde, kasi ambayo mashine yako haiwezi kuipata kwa namna yoyote. SATA ya kizazi cha tatu inafika kama MB 550 kwa sekunde, na hadi diski ya laptopu inajikongoja kwenye MB 100 hivi, tena ikisoma faili moja kubwa mfululizo. Kwenye vifaili vidogo vilivyotawanyika inashuka mno. Wenye mashine za Core 2 Duo zenye SATA ya kizazi cha pili mtaishia kwenye MB 280 hivi, na bado mtaona mabadiliko makubwa, kwa sababu kinachotuchelewesha ni ile sindano inayotafuta data huku na huku. SSD ya kawaida ya SATA inatutosha kabisa. Ndiyo niliyoomba!

Ukienda Mwaloni Kirumba kununua pangaboi la injini ya boti, muuzaji anakuuliza kwanza injini ni ya kampuni gani na ya nguvu ngapi. Hawa wa SSD hawaulizi kitu. Hakuna SSD inayoingia laptopu zote. Latitude E7240 inatumia mSATA, kadi fupi pana ambayo haihusiani na M.2 hata kidogo, na kuna mwanafunzi mteja wangu aliuziwa M.2 kwa ajili yake. ThinkPad X220 na X230 zinataka diski ya unene wa milimita 7. Nyingine za zamani zina nafasi ya milimita 9.5, hivyo SSD inacheza ndani mpaka uweke kile kifremu cha plastiki. Boksi nyingi huja nacho, nyie mnakitoa mnakiuza pembeni. MacBook Air za 2013 hadi 2017 zina konekta ya Apple yenyewe. Zinahitaji adapta maalumu, na lazima mashine iwe imeshapanda kwenye macOS High Sierra au ya baada yake ndipo isome NVMe. Shemeji yangu wa Nansio, Ukerewe, alipewa kadi tupu bila adapta, akaambiwa atajua mwenyewe. Nauli ya meli kuja na kurudi nani atamlipa?

Jambo moja niwatendee haki. Ukinunua SSD ya GB 480 ikaonyesha 447 kwenye Windows, au ya 256 ikaonyesha 238, hapo hujaibiwa. Kiwanda kinahesabu kwa elfu, Windows inahesabu kwa 1,024. Nimeona watu wakigombana na wauzaji kwa hilo bila sababu. Wizi wa ujazo uko kwenye zile diski za nje za "TB 2" zinazotembezwa mitaani kwa bei ya chakula cha wiki. Ndani kuna kadi ya kumbukumbu ya simu iliyodanganywa namba. Unanakili picha za harusi, zinaonekana zimeingia, ukizifungua hamna kitu. Ijaribu kwa programu ya H2testw, au F3 kama unatumia mfumo wa Linux badala ya Windows, kabla hujaiamini na kazi yako.

Kuna uongo mwingine ambao nimeusikia kwenye maduka zaidi ya moja: "weka SSD upate Windows 11." Windows 10 ilifikia mwisho wa msaada wa Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025, na watu wana hofu, kwa hiyo mnaitumia hofu hiyo kuuza. Windows 11 inataka TPM 2.0, chipu ya usalama, na kwa Intel inaanzia kizazi cha nane. Kizazi cha tatu hakigeuki kuwa cha nane kwa kubadilisha diski. Mtu mwenye mashine kama yangu anapaswa kuambiwa ukweli huo, aamue kama ataweka Linux au atajipanga anunue nyingine, kabla hajatoa hela ya SSD.

Nikirudi kwenye hiyo karatasi yenu ya ukutani. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inasema bidhaa ikiuzwa kwa maelezo, lazima ilingane na maelezo hayo. Niliomba SATA, nikapewa kitu kilichofichwa ndani ya kasha la SATA. Inasema pia mnunuzi akimweleza muuzaji matumizi anayoyataka na kutegemea ujuzi wake, bidhaa inapaswa kufaa kwa matumizi hayo. Nilitaja modeli ya laptopu kwa kinywa na kwa maandishi. Halafu ipo Sheria ya Ushindani ya 2003 inayokataza kumpotosha mlaji, na ndiyo iliyounda Tume ya Ushindani, FCC. Msitutishe na karatasi mliyoiprinti wenyewe.

Ninachotaka si kikubwa. Muuzaji aulize modeli kabla hajafungua kabati. Kwenye risiti aandike aina ya SSD, SATA au NVMe au mSATA, pamoja na namba iliyo kwenye lebo, badala ya kuandika "vifaa vya kompyuta". Iliyotumika iuzwe kama iliyotumika na bei yake ishuke, wapo tutakaoinunua kwa hiari. Na iwepo laptopu moja pale dukani ya kujaribia, mteja aone BIOS imeitambua na saa za kuwaka ni ngapi. Yule fundi wa Buzuruga anayefanyia kazi kwenye meza ya mbao amefanya yote hayo kwa dakika chache bila kunidai senti.

Kwa wanaonunua wiki hii: pindua laptopu usome modeli kamili, itoe diski ya zamani uende nayo, na ukipewa kasha la inchi mbili na nusu lenye skrubu za wazi na lebo ya kubandika isiyo na namba ya modeli, usilipe mpaka lifunguliwe au lijaribiwe. Hadi diski yako ya zamani usimwachie mtu "kama chenji". Ina vyeti, namba za NIDA na picha za wateja wako.

Kadi ninayo, adapta ninayo, risiti ya EFD ninayo, na picha za ile saa elfu saba nimezipiga. Jumatatu asubuhi narudi pale dukani kudai hela yangu yote, si kubadilishiwa kitu kingine. Wakishindwa kunilipa naandika malalamiko FCC. Kama kuna mtu hapa aliyewahi kurudishiwa hela na duka la vifaa Mwanza, au aliyepeleka shauri kama hili Tume, anieleze alianzia wapi na alipeleka vielelezo gani. Na wewe uliyeambiwa mazabodi yako imekufa baada ya kuweka SSD, usilipe matengenezo. Fungua hilo kasha kwanza, piga picha lebo, weka hapa tuisome.