Ziwa Bado Lina Joto: Gumzo la Majirani wa West Side, Buffalo, Marekani

JUMANNE

Mutua, 17:52
Habari za jioni majirani. Nimetoka kusoma taarifa ya ofisi ya hali ya hewa, ile iliyoko uwanja wa ndege pale Cheektowaga. Wametoa tahadhari ya theluji ya ziwa, Alhamisi usiku hadi Jumamosi. Hewa ya Aktiki inateremka kutoka Kanada. Ijumaa usiku tutafika nyuzi -13, na upepo ukipiga, ngozi itasikia kama -23.

Papa Imani, 17:54
Asante Mutua. Wote wasome hii.

Mama Furaha, 17:58
Jambo Mutua. Mimi ni mgeni, nilifika hapa mwezi wa sita. Hiyo -13 ni baridi gani? Kule kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, usiku wa mwezi wa saba tulijifunika blanketi mbili tukaona ni baridi kali.

Zawadi, 18:00
Mama Furaha, ile sehemu ya friji inayogandisha nyama huwa kama -18. Ndiyo baridi yenyewe, na upepo juu yake.

Mama Furaha, 18:01
Yesu wangu.

Mama Furaha, 18:03
Lakini Mutua, wiki jana ulituma ramani ya miezi mitatu. Ukasema Buffalo haina rangi ya bluu, ile ya baridi, nikashukuru Mungu. Nikaacha hata kununua buti za watoto.

Mutua, 18:11
Pole Mama, kosa ni langu, sikueleza vizuri. Ile ramani ya majira haisemi siku fulani itakuwaje. Wanagawa majira ya baridi mafungu matatu: yenye baridi kuliko kawaida, ya kawaida, na yenye joto kuliko kawaida. Kama hakuna dalili yoyote, kila fungu lina nafasi 33 katika 100. Rangi ikitokea, maana yake fungu moja limepanda, labda hadi 40. Basi. Hata pakiandikwa joto, bado kuna nafasi nzuri tu ya baridi.

Tena ni wastani wa siku 90. Ndani ya siku 90 zenye joto zinaweza kukaa siku nne za kuua watu. Majira ya 2022 kuingia 2023 hapa kwetu, kwa jumla, yalikuwa na joto kuliko kawaida. Na ndimo ilimokuja ile tufani ya Krismasi.

Zawadi, 18:13
Watu 47 walikufa katika kaunti yetu ya Erie peke yake. Siwezi kusahau.

Baba Kito, 18:15
Mimi naona mnatisha watu. Mwezi uliopita pia walisema theluji, West Side hatukupata kitu. Kule kusini ndiko walikofunikwa na theluji.

Papa Imani, 18:16
Baba Kito, ndugu yangu, hilo ndilo la kuogopa. Mutua, mweleze habari za mkanda.

Mutua, 18:27
Sawa Mzee. Naandika ndefu kidogo, mnisamehe.

Theluji hii haisafiri kutoka mbali kama mvua ya kawaida. Inatengenezwa na Ziwa Erie hapo mlangoni. Maji bado yana kama nyuzi 8, yamebaki na joto la kiangazi. Hewa ya Aktiki ikipita juu yake inapata joto na unyevu kwa chini, inapanda kwa nguvu, inakuwa wingu, wingu linamwaga. Wataalamu huangalia tofauti kati ya maji na hewa iliyo mita 1,500 juu. Ikifika nyuzi 13 au zaidi, ziwa linaanza kazi.

Sasa mwelekeo wa upepo. Ziwa lina urefu wa karibu kilomita 388, limelala kusini-magharibi kwenda kaskazini-mashariki, na Buffalo iko kwenye ncha. Upepo ukifuata urefu wote huo, mawingu yanajipanga mkanda mmoja mwembamba. Ukikaa ndani ya mkanda hupati pumzi. Ukiwa nje yake unaona jua. Novemba 2014 vitongoji vya kusini walipata zaidi ya mita 2, na kaskazini mwa jiji watu walifagia theluji kidogo tu. Kwa hiyo Baba Kito, mwezi uliopita tuliokolewa na upepo. Ukigeuka kidogo, mkanda ni wetu.

Baba Kito, 18:30
Hapo nimeelewa. Asante kijana.

Bwana Elia, 18:32
Sisi wa Uvira tumekulia juu ya ziwa refu kuliko hili na hatukuona mambo haya. Tanganyika ni kilomita 670 na zaidi.

Mutua, 18:35
Kweli kabisa. Lakini Tanganyika haipitiwi na hewa ya Aktiki. Tena ina kina cha mita 1,470. Erie ni sahani, wastani mita 19 tu, ndiyo maana inapoa haraka na mara nyingi huganda. Ikishaganda, theluji ya ziwa inapungua.

Lakini hata hapo si salama. Januari 1977 ziwa lilikuwa limeganda tangu Desemba, theluji imelala juu ya barafu. Upepo ukaja, ukaibeba yote ukaimwaga mjini. Wazee wa hapa bado wanaisimulia.

Mama Furaha, 18:41
Naomba kuuliza. Umeme au gesi ikikatika, kwangu kuna mbabula, jiko la makaa, tuliyochomea nyama mwezi wa nane, na makala yamebaki nusu gunia. Naweza kuiwasha jikoni, madirisha nikafungua kidogo?

Zawadi, 18:41
HAPANA

Zawadi, 18:42
Mama Furaha, nisamehe kwa herufi kubwa. Usiwashe makala ndani. Hata kidogo, hata dirisha likiwa wazi. Kule kambini tulipikia nje au kwenye kibanda cha nyasi chenye kupitisha hewa. Nyumba za hapa zimezibwa ili joto lisitoke. Makala yanatoa kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu. Unasikia kichwa kinauma, usingizi mzito, mtoto anatapika, mnalala, hamwamki. Nafanya kazi hospitali, nimewaona wanaoletwa.

Zawadi, 18:44
Na jiko la gesi usilifungue oveni ili lipashe nyumba. Ni hatari ileile.

Mama Furaha, 18:46
Yaya Zawadi, asante. Mimi nilikuwa nimepanga kabisa. Nilishaihamisha kutoka nje.

Zawadi, 18:47
Irudishe nje sasa hivi mama. Kisha tazama kwenye dari karibu na chumba cha kulala, kuna kengele nyeupe ya duara ya kuonya hewa hiyo? Bonyeza kitufe.

Mama Furaha, 18:52
Ipo. Haikulia.

Papa Imani, 18:53
Betri. Nakuja baada ya kula, ninazo.

Baba Kito, 18:55
Kwangu pia haijalia. Naomba mbili.

Mama Grasi, 19:04
Na mwenye nyumba wangu hajatengeneza mashine ya joto tangu mwezi wa kumi. Nikipiga simu anasema kesho. Nina mtoto wa miezi mitano.

Zawadi, 19:06
Piga 211, namba ya kuulizia misaada, kesho asubuhi, omba mkalimani wa Kiswahili. Watakwambia wa kumwona kuhusu nyumba, na watakueleza HEAP, msaada wa kulipia joto. Shika karatasi ya gesi na karatasi za mshahara. Usingoje hiyo kesho yake. Na Alhamisi usiku wewe na mtoto mnalala kwangu, hilo limekwisha.

Mama Grasi, 19:07
Mungu akubariki yaya.

Papa Imani, 19:31
Nimetoka kwa Mama Furaha, kengele inalia sasa. Kaeni nami kidogo, wengine hawakuwapo 2022.

Tarehe 23 Desemba nilikwenda kazini asubuhi. Nilijua tufani inakuja, ilitangazwa siku kadhaa kabla. Lakini pale kazini walisema asiyefika hana malipo ya sikukuu, na mimi nilikuwa na kodi. Marufuku ya magari ilipotoka asubuhi ile nilikuwa tayari ndani. Mchana wakaturuhusu kurudi.

Nilifika mitaa mitatu kutoka nyumbani. Mitatu. Kisha kila kitu kikawa cheupe, sikuona boneti ya gari langu mwenyewe. Nilitaka kutembea. Mke wangu kwenye simu alilia, akaniambia usitoke, usitoke. Nilibaki. Niliwasha injini dakika kumi, nikazima karibu saa nzima. Kila kabla ya kuwasha nilitoka, mkono mmoja umeshika mlango, nikachimbua bomba la moshi kwa kifuniko cha sufuria, maana likizibwa moshi unarudi ndani. Dirisha moja niliacha wazi kidole kimoja. Hivyo hadi alfajiri, ndipo nikaona taa ya nyumba. Nikagonga. Ni watu nisiowajua, wazee wawili. Nilikaa kwao siku mbili.

Ile hali ya kutoona ilidumu saa 37 pale uwanja wa ndege. Upepo zaidi ya kilomita 100 kwa saa. Magari ya wagonjwa na ya zimamoto yalikwama. Ukipiga 911 hakuna wa kukufikia.

Kwa hiyo nasema kama baba yenu: Ijumaa marufuku ikitangazwa au isitangazwe, kama hali ni ile, msiende. Atakayepungukiwa kodi aniambie mimi, tutachanga.

Baba Kito, 19:35
Nimekusikia Papa. Nabadilisha shifti yangu usiku huu.

Bwana Elia, 19:36
Mimi naweka dola 50 kwenye hiyo michango.

Mutua, 19:40
Nami 30. Kwetu Kitui nimekua nikiona watu wakichangiana mvua ikikosa. 2020 hadi 2022 misimu mitano ilipita mikavu, na ilikuwa La Niña ileile inayotajwa kwenye ramani za majira za hapa. Bahari moja ya Pasifiki inapoa, mama yangu anakosa mahindi na sisi huku tunasoma ramani.

Zawadi, 19:44
Kesho kila mtu: dawa za wiki, maziwa ya watoto, maji, tochi, simu zijae chaji. Bomba la maji lililo ukutani liache lidondoke usiku lisigande. Watoto soksi mbili na kofia. Mama Furaha, buti za watoto ni namba ngapi? Ninazo za wanangu.

Mama Furaha, 19:46
11 na 13. Asante, asante.

Papa Imani, 19:48
Bibi Veronika hayumo humu, hana simu ya kusoma. Yuko peke yake ghorofa ya chini. Nani yuko karibu naye?

Mama Furaha, 19:49
Ni chini yangu. Nashuka sasa.

Mama Furaha, 20:17
Nimemkuta amevaa koti ndani ya nyumba, anaogopa bili ya gesi. Nimemwambia habari za HEAP, Mama Grasi atakwenda naye kesho. Alhamisi analala kwetu, watoto wameshamtengea kitanda. Amekubali kwa sharti moja: pawe na bugali wa muhogo, si huu wa mahindi.

Papa Imani, 20:18
Unga wa muhogo ninao kilo nne. Nauleta na betri za Baba Kito.