Divisheni ya 352 ya Ujerumani huko Normandy

Swali: Ndugu wanahistoria, kwa nini Wamarekani walipata hasara kubwa hivyo walipotua ufukweni Omaha, Normandy (Ufaransa), tarehe 6 Juni 1944?

Jibu: Mbali na vilima vilivyoutawala ufukwe ule, walikutana na Divisheni ya 352, iliyoundwa Ufaransa mwishoni mwa 1943 chini ya Jenerali Dietrich Kraiss, ikichanganya wakongwe wa vita vya Urusi na vijana wengi wasio na uzoefu.

Jibu: Naongeza jambo lisilostahili kusahaulika: usiku wa kuamkia siku ile Rejimenti ya 915 ya divisheni hiyo, iliyokuwa akiba, ilitumwa magharibi kuwakabili askari wa miavuli wa Kimarekani, kisha ikaitwa irudi mashariki kuelekea mji wa Bayeux, ikapoteza saa nyingi barabarani.

Muulizaji: Nashukuru sana. Na Kraiss mwenyewe?

Jibu: Alijeruhiwa vitani, akafariki tarehe 6 Agosti 1944.