Naomba ushauri: shemeji anataka kujenga Singani, chini ya Karthala

Assalamu alaykum ndugu zangu. Niko Lamu, lakini mdogo wangu kaolewa Ngazidja, Komoro. Mumewe karithi kiwanja Singani na wanataka kuanza msingi.

Roho yangu haijatulia. Aprili 1977 volkano ya Karthala ilipasuka ubavuni, si kileleni, lava ikateremka mpaka kijijini hapo hapo na kufukia nyumba. Mdogo wangu alinitumia picha ya jiwe aliloliokota kiwanjani: jeusi, jepesi, matundu matundu kama mkate wa kumimina. Tangu hapo silali vizuri.

Shemeji anasema mlima una mitambo ya kupima mitetemeko, watu wataonywa. Sawa, lava mara nyingi huenda polepole na mtu mzima aweza kuikimbia. Lakini nyumba haikimbii, na ufa ukifunguka karibu na kijiji muda ni mchache.

Kuna na majivu. Mwaka 2005 yaliingia kwenye mabirika ya mvua, na huko watu wengi wanategemea maji hayo hayo, kama wazee wetu hapa.

Wenye jamaa Ngazidja, au mliosomea mambo ya miamba: tuwazuie, au wajenge? Dalili gani zikitokea wahame bila kungoja tangazo? Na birika lifunikwe vipi majivu yasipenye? Fundi anaanza baada ya Idi, nami ndiye mkubwa wao, wananisikiliza. Nijibuni tafadhali.