Mjadala: Anayenunua bastola kwa mara ya kwanza alazimishwe mafunzo?

Wakili Mdogo (mleta mada)
Wakuu, naomba tulijadili hili kwa utulivu. Kuna sehemu mtu ananunua bastola na kuondoka nayo bila kuulizwa kama amewahi hata kuishika. Kwingine, kama Jamhuri ya Cheki, hupati leseni mpaka ufaulu mtihani wa nadharia na wa vitendo. Ujerumani nasikia mlenga shabaha wa michezo anakaa klabuni miaka mitatu kwanza. Mimi niko upande wa kulazimisha. Hatumpi mtu barabara kwa sababu ameonyesha risiti ya gari. Na ninaposema mafunzo sina maana ya karatasi ya kusaini. Nataka mwalimu asimame ubavuni kwako na kukuangalia mikono unapofyatua. Mnasemaje?

Mkongwe wa Kambi
Mnakuza mambo. Nimetumikia jeshi, na nyumbani kwangu wote wanaijua silaha kwa sababu niliwafundisha mwenyewe. Bastola ni kazi ya nusu siku: kuijaza, kutoa risasi, kulenga, kusafisha. Ukishaweka sheria ya lazima, umewafungulia watu mradi wa kuuza vyeti. Tena mwalimu hazuii kifo. Marekani mtoto wa miaka minane alimuua mwalimu wake kwa bastola, na mwalimu alikuwa hapohapo pembeni. Sheria ingemsaidia nini? Mgeni akae na mtu mzima anayejua, inatosha. Akiwa mwanamke mpeni rivolva ndogo, ile bastola ya silinda inayozunguka, nyepesi, ataimudu.

Mama Wawili
Shikamoo mzee. Mengine nawaachia wenye sheria, nakujibu hilo la mwisho tu. Hiyo rivolva ndogo nilipewa mimi, na aliyenipa ni mtu ninayemheshimu, kwa maneno hayohayo: “utaimudu”. Ilinipiga teke mpaka kiganja kikafa ganzi. Risasi ya pili nilifyatua macho yamefumba. Nikaambiwa tatizo ni woga wangu. Nikaamini hivyo muda mrefu, na bastola ikabaki sandukuni, nami siijui. Alikuja mwalimu mwingine akanipa bastola kubwa ya kaliba .22, yenye risasi ndogo na teke dogo, nikaanza kuona ninachokifanya. Mikono ilikuwa ileile.

Fundi Mitutu
Dada yuko sahihi, na sababu iko kwenye uzito. Risasi ileile ukiipiga kwa bastola nyepesi, teke linakuwa kali zaidi, kwa sababu chuma cha kulipokea ni kidogo. Rivolva nyingi ndogo za .38 Special (aina ya risasi) zina gramu 400 na kidogo. Triga yake bila kuvuta nyundo kwanza inataka nguvu ya kilo 5 hivi. Piga picha: chuma cha gramu 400 unakivuta kwa kilo 5, na kidole hakijazoea. Lazima mdomo wa bastola uyumbe kabla risasi haijatoka. Vilengeo navyo vimekaribiana, kosa dogo la jicho linakuwa kubwa kwenye shabaha. Ile ni silaha ya mtu aliyekwisha kujua. Kumpa anayeanza ni kumwonea, awe mwanamke au mwanamume.

Mkongwe wa Kambi
Sikumtukana mtu hapa. Nimesema rivolva kwa sababu haikwami. Risasi ikigoma unavuta triga tena, inakuja nyingine. Bastola ya magazini, kile kisanduku cha risasi kinachochomekwa kwenye mpini, ikikwama mikononi mwa mgeni, anaanza kuigeuzageuza huku na huku. Hilo nimeliona kwa macho yangu.

Mlenga Pole
Hapo mzee kwenye kuigeuzageuza umepiga penyewe, ila ndiyo sababu tunataka mwalimu. Risasi ikigoma, mdomo unabaki kwenye shabaha na unasubiri, watu wengi hufundisha sekunde 30, maana baruti inaweza kuchelewa kuwaka. Kuvuta tena harakaharaka si fundisho la kumpa mgeni. Na mlio ukitoka mdogo, kama kikohozi, unaacha kabisa mpaka mtutu ukaguliwe. Risasi inaweza kuwa imenasa ndani, na ya pili inaweza kuupasua mtutu. Kwa heshima zote, wanajeshi wengi ni watu wa bunduki, bastola waliigusa siku chache. Hata ushikaji wa mikono miwili tunaoufuata leo ulienezwa na Jack Weaver mwishoni mwa miaka ya 1950, na yule alikuwa naibu sherifu huko Marekani, si mwanajeshi.

Mkongwe wa Kambi
Siku chache! Wewe unanijua? Zile kanuni nne mnazozikariri, kwamba kila silaha ichukuliwe ina risasi, usielekeze mdomo kwenye kitu usichotaka kukiharibu, kidole nje ya triga mpaka ulenge, ujue shabaha yako na kilicho nyuma yake, aliyezipanga ni Jeff Cooper. Muulize Cooper alitoka wapi. Alikuwa afisa wa Marine, kikosi cha wanamaji cha Marekani, alipigana Vita vya Pili vya Dunia. Huyohuyo ndiye aliyemtangaza Weaver wenu mpaka mkamjua. Msituguse sisi.

Mlenga Pole
Nakubali alikuwa Marine. Lakini mwaka 1976 alifungua shule Arizona, na raia walikwenda kufundishwa palepale. Angeona nusu siku nyumbani inatosha, angeifungua ya nini?

Mkongwe wa Kambi
Aliifungua kwa wanaotaka. Hakuna aliyelazimishwa kwenda. Hilo ndilo ninalosema tangu asubuhi.

Wakili Mdogo
Wakuu, turudi kwenye swali jamani. Lazima au hiari?

Kimya Kingi
Kabla hatujarudi, turekebishe mawili. Ujerumani ni miezi 12 ya uanachama na mazoezi ya kawaida klabuni, si miaka mitatu. Aliye chini ya miaka 25, kwa silaha nyingi, anadaiwa pia cheti cha uchunguzi wa akili. Pili, kile kisa cha mtoto na mwalimu wake wa shabaha kilitokea Arizona mwaka 2014. Mtoto alikuwa na miaka tisa, na silaha ilikuwa Uzi, bunduki ndogo inayoweza kupiga mfululizo. Alianza kwa risasi moja moja, kisha ikawekwa kwenye mfululizo, ikapanda mikononi mwake. Mzee anakitumia kuonyesha kwamba mwalimu hasaidii. Mimi nakiona kama kisa cha somo kurushwa hatua. Mtoto hakupaswa kufikishwa pale.

Fundi Mitutu
Na hapo ndipo ninapomwomba mzee anisikilize. Somo la kwanza linalofaa, magazini inawekwa risasi MOJA. Mgeni anafyatua, anashtuka, pengine anageuka kukutazama kwa furaha na kidole bado kipo kwenye triga. Wageni wengi hufanya hivyo. Ikiwa na risasi moja, anageuka na chuma kitupu. Ikiwa na kumi na tano, anamgeukia mwalimu na kifo. Jambo dogo hivi mtu hulifikirii kama hukufundishwa kufundisha. Kujua kulenga ni kitu kimoja, kumfundisha anayeogopa ni kingine.

Kimya Kingi
Ongeza kutoa risasi. Magazini kwanza, kisha ndiyo unavuta slaidi, chuma cha juu kinachorudi nyuma. Ukianza na slaidi, moja inatoka na nyingine inaingia chemba, nyuma ya mtutu, palepale. Unachomoa magazini, unajiona uko salama. Zipo bastola ambazo bila magazini hazifyatui, kama Browning Hi-Power ya 1935. Aliyejifunzia hiyo nyumbani kwa mjomba akashika Glock, bastola ya aina nyingine, ataamini ni hivyohivyo. Glock bila magazini inafyatua, na ili kuifungua uisafishe lazima uvute triga. Watu wamejipiga mikono wakisafisha kwa sababu hiyo. Mzee umesema kusafisha ni sehemu ya nusu siku. Nakuomba hapo usiharakishe.

Mkongwe wa Kambi
Hiyo ya risasi moja ni nzuri, nitaichukua. Lakini bado unaniambia jinsi ya kufundisha. Hujaniambia kwa nini serikali inilazimishe nimpeleke binti yangu kwa mgeni.

Mama Wawili
Kwa sababu binti yako hatakwambia kwamba anafumba macho, mzee wangu. Mimi sikumwambia aliyenipa ile rivolva. Mgeni hana cha kumwonea haya.

Wakili Mdogo
Ahsante dada. Hiyo inanitosha kuliko mfano wangu wa gari.

Mlenga Pole
Hilo la kufumba macho lina dawa. Mwalimu anachanganya risasi bandia kwenye magazini bila wewe kujua zilipo. Ikifika ya bandia, haina mlio, na kila mtu anaona mdomo ulivyodidimia. Mwenyewe unajishuhudia. Kisha unarudi kwenye kufyatua tupu, yaani bila risasi, hata kila siku. Risasi ziwe chumba kingine kabisa, na uelekee ukuta unaoweza kusimamisha risasi.

Fundi Mitutu
Ila wenye .22 wasifyatue tupu ovyo. Nyingi zake pini inagonga ukingo wa chemba na kuuharibu. Someni kitabu cha silaha yenu, au tumieni risasi bandia za plastiki.

Mama Wawili
Fundi, nikuulize. Mimi natumia mkono wa kulia lakini risasi zinakwenda pembeni kila nikifumba jicho la kushoto. Mwalimu alisema jicho langu linaloongoza ni la kushoto. Nibadili mkono?

Fundi Mitutu
Hapana dada, kwa bastola si lazima. Pima kwanza: nyoosha mikono, viganja viache kitundu kidogo kati yake, tazama kitu cha mbali macho yote wazi, kisha fumba moja moja. Jicho linaloendelea kukiona ndilo lako. Likiwa la kushoto, ibaki mkono wa kulia, geuza kichwa kidogo tu mpaka kilengeo cha mbele kije mbele ya jicho hilo. Bunduki ndiyo yenye shida zaidi, kwa sababu kitako kinakaa begani.

Mkongwe wa Kambi
Kwenye bunduki mniachie mimi. Dada, kama una bunduki leta swali.