Siku tatu Mombasa kutokea Tanga: je, laki nne zinatosha?

Mkaazi wa Chumbageni
Assalaam alaikum, ndugu zangu. Mimi na shoga yangu, niliyesoma naye tangu shule ya msingi, tumekusudia kuvuka mpaka wa Horohoro mwishoni mwa mwezi ili tukatembee Mombasa kwa siku tatu, na kila mmoja wetu ametenga shilingi 400,000. Pasipoti tunazo. Ningependa kujua kama fedha hizo zitatosha kwa nauli, malazi, chakula na viingilio, na kama tunaweza pia kupanda treni ya SGR hadi Nairobi, maana mwenzangu ameing'ang'ania.

Mama Ngamiani
Waalaikum salaam, mwanangu. Zinatosha na nyingine mtarudi nazo, ilimradi Nairobi muiache kwa safari nyingine. Treni hiyo, iliyoanza kazi mwaka 2017, huchukua saa tano hadi sita kwenda tu, na kituo chake kiko Miritini, nje ya kisiwa, kwa hiyo sehemu kubwa ya siku zenu itaishia vitini.

Nilipokwenda na wifi yangu tulilala Mji wa Kale, chumba cha vitanda viwili kwa shilingi 2,500 za Kenya kwa usiku, na wakati ule shilingi moja yao ilikuwa kama ishirini zetu. Fedha iliyotuuma ni ya mpakani. Kijana mmoja mwenye kubadilisha fedha alituhesabia noti mbele ya macho yetu, zikatimia. Tulipofika Likoni ndipo tukagundua kwamba tatu kati yake zilikuwa zimekunjwa katikati, na kila moja ilihesabiwa mara mbili. Badilisheni benki kabla ya kuondoka, na ikibidi kubadilisha mpakani, zikunjueni moja moja.

Msafiri wa Pangani
Nakubaliana na Mama, na ningeongeza kwamba asubuhi nzima ya siku ya kwanza muipe Ngome ya Yesu. Wareno waliijenga kati ya mwaka 1593 na 1596, Waomani wakaiteka mwaka 1698 baada ya kuizingira kwa karibu miaka mitatu, kisha Waingereza wakaigeuza gereza, na anayepita nusu saa akipiga picha za mizinga huwa hajaiona. Tafuteni michoro ya meli iliyochorwa ukutani na Wareno wenyewe. Mimi ndiyo iliyonisimamisha kuliko kitu kingine chochote. Dirishani semeni mapema kwamba ninyi ni raia wa Afrika Mashariki, kwa sababu kiingilio chenu si kile cha watalii wa mbali.

Kutoka hapo Mji wa Kale hutembewa kwa miguu bila gharama, na feri ya Likoni haitozi nauli kwa waendao kwa miguu. Mkiuliza hoteli, msishangae kupelekwa penye sahani ya pilau, kwani wenzetu neno hilo wanalitumia sana kwa mahali pa kula.

Mkaazi wa Chumbageni
Nashukuruni sana. Nairobi nimeifuta, ingawa mwenzangu amenuna tangu jana. Je, kadi ya chanjo ya homa ya manjano huulizwa?

Mama Ngamiani
Sisi tuliulizwa, mwanangu. Ziwekeni pamoja na pasipoti, msizifungie ndani ya begi lililo juu ya basi.