Naomba ushauri: Paris hadi Milano kwa treni, kisha gari la kukodi

Wadau, hamjambo? Tuko wawili hapa Kisumu, tunapanga safari yetu ya kwanza Ulaya: Ufaransa, Uswisi, Italia. Viza ya Schengen (moja kwa nchi zote tatu) tutaombea Italia, maana huko ndiko tutakaa siku nyingi zaidi. Bima ya matibabu lazima ifike yuro 30,000.

Paris–Zurich treni ya moja kwa moja ni kama saa nne. Zurich–Milano zaidi ya saa tatu. Pasi ya reli naona haifai kwa safari mbili, tena TGV (treni ya kasi ya Ufaransa) bado wanataka ulipie kiti juu ya pasi.

Gari tutalichukua na kulirudisha Milano, kwa sababu kuliacha nchi nyingine kuna ada nzito. Kinachonitia wasiwasi ni ZTL, yaani maeneo ya mjini Italia ambayo gari lisilo na kibali haliruhusiwi kuingia: kamera inanasa namba ya gari, faini inakufuata hadi nyumbani, na kampuni ya kukodisha inakukata ada yake pia. Hoteli ikiwa ndani ya ZTL, huandikisha namba ya gari mapema ama baada ya kuingia?

Pili, kuna aliyekubaliwa kuweka dhamana ya gari kwa kadi ya debiti ya benki ya Kenya? Kampuni nyingi hudai kadi ya mkopo yenye jina la dereva.

Leseni ya kimataifa tutachukua AA Kenya. Huko wanaendesha upande wa kulia, gia unabadilisha kwa mkono wa kulia. Mnaonaje, tulipie otomatiki?